Mwongozo kamili wa kufunga ndoa bomani hapa Tanga: anzeni na siku 21, ukumbi baadae

Watu wengi wanaotaka ndoa ya serikali wanaanza na kamati ya harusi, nguo, ukumbi na kadi, alafu ikibaki kama wiki moja ndo wanaulizana "hivi bomani tunaenda lini?" Hapo mmeshachelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 18, inataka mnaotaka kuoana mtoe taarifa kwa msajili wa ndoa siku zisizopungua 21 kabla ya siku mnayotaka kufunga, na siku hizo hazihesabiwi toka mlipovalishana pete wala toka mahari ilipopokelewa, zinahesabiwa toka nyie wawili mliposaini taarifa na msajili akaipokea. Kwahiyo tarehe ya harusi mnaipanga kuanzia hapo kwenda mbele, na kadi zinachapwa baada ya hapo.

Mimi nimesindikiza ndugu na majirani kwenye hili jambo, nimesimama kama shahidi, na kitu ninachokiona kila mara ni kwamba shughuli yenyewe ya bomani ni fupi na nyepesi kabisa, kinachowatesa watu ni maandalizi. Nawaandikia hasa mlioko Tanga mjini, iwe Makorora, Chumbageni, Mabawa, Nguvumali au huko Pongwe, ila hata wa wilaya nyingine za Bara utaratibu wa sheria ni huu huu.

Ofisi ni ipi hasa

Usiende halmashauri ya Jiji ukitegemea kufungishwa ndoa pale. Ndoa ya kiserikali inafungwa kwa msajili wa ndoa wa wilaya, na huyo anapatikana ofisi ya Mkuu wa Wilaya, upande wa Katibu Tawala wa Wilaya, yani DAS. Juu yake kitaifa kuna RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na ndo anayetunza kumbukumbu za ndoa na talaka pamoja na vizazi na vifo. Jiji linaingia sehemu moja tu, kwenye barua ya mtaa, maana mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata ni watu wa halmashauri. Walioko Muheza, Pangani, Mkinga au Korogwe wana wakuu wao wa wilaya, hawana sababu ya kulipa nauli kuja mjini. Na kama mmoja wenu anakaa Muheza na mwingine mjini, chagueni ofisi moja na muwaulize kabisa pale wanataka barua ya mtaa wa nani, au wa wote wawili, mimi nashauri mje nazo zote mbili.

Kingine ambacho hakisemwi vya kutosha: mkifunga ndoa msikitini au kanisani, mbele ya shehe, padri au mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa kutoka kwa Msajili Mkuu, yani huko RITA, hiyo ni ndoa kamili kisheria na cheti chake kinatambulika kila mahali, hamhitaji kwenda bomani kuifunga tena. Cha kuhakikisha ni hiyo leseni. Muulizeni kwa adabu mapema, "shehe samahani, leseni yako ya ndoa ipo hai?", mwenye nayo hakasiriki, atawaonyesha. Bomani wanaenda zaidi wale ambao mmoja ni Muislamu na mwingine ni Mkristo na hakuna anayetaka kubadili dini, wale ambao wameshaishi pamoja na watoto wameshakua na sasa wanataka makaratasi, na wale ambao wanataka tu jambo dogo bila gharama. Wote hao ni watu wa kawaida na ofisi imezoea kuwaona, usiende ukiwa umejikunyata kama unaenda kuomba msamaha.

Kabla hamjaingia ofisini, zungumzeni mke mmoja au zaidi

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo sehemu yenye uzito kuliko zote na ndo inayopitwa haraka kuliko zote. Sheria yetu ina aina mbili za ndoa: ya mke mmoja, na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ikifungwa Kiislamu au kimila, sheria inadhani kwamba ni ya wake wengi mpaka ithibitishwe vingine, ikifungwa kwa namna nyingine yoyote, ikiwemo ya bomani, inadhaniwa ni ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vingine. Sasa kwenye taarifa yenu kuna sehemu mnatakiwa kusema mnakusudia ndoa ya aina gani. Nimeshaona bwana harusi anajaza fomu yote, bibi harusi anasogezewa kalamu asaini tu pale chini, na yeye anasaini huku anaangalia simu. Dada yangu, hiyo fomu isome. Mstari mmoja pale unaamua kama kesho mumeo anaweza kuoa mke wa pili kihalali au hawezi.

Kwa wanaume nako ni hivyo hivyo. Ukisema mke mmoja, umejifunga. Mwanaume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kabisa kufunga nyingine wakati ile ipo hai, hata kama dini yake inaruhusu, hata kama mke mwenyewe amekwambia kwa mdomo kwamba hana neno. Kubadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine kunawezekana, ila ni kwa nyie wote wawili kwenda mbele ya jaji au hakimu na kila mmoja kutamka kwa hiari yake kwamba anakubali, na wale Wakristo wawili waliofunga kanisani hawawezi kubadili kwenda ya wake wengi wakati bado wote ni Wakristo. Kwahiyo kaeni chini nyumbani, bila mshenga, bila shangazi, mkubaliane kabisa. Kwa wale wa dini mbili tofauti hili ndo linaleta ugomvi baadae, maana kila mmoja amekulia kwenye nyumba yenye jibu lake na kila mmoja anadhani jibu lake ndo la kawaida.

Na kuhusu mahari: bomani mahari siyo sharti. Sheria inasema wazi kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa. Hii siyo kusema msipeleke posa, wazee wana heshima yao na mimi mwenyewe nawashauri watu waende kwa wazee kwanza, ila mtu asikutishe kwamba ndoa yako ya serikali ni batili kwa sababu mahari haijamalizika.

Makaratasi, na haya majina yetu

Kwa kawaida mtatakiwa vitambulisho vya taifa vya wote wawili (au namba ya NIDA kama kadi haijatoka), vyeti vya kuzaliwa, barua za utambulisho kutoka mitaa mnayoishi, na picha za pasipoti. Picha pigeni za kutosha, siyo mbili mbili. Ofisi nyingine wanataka pia hati ya kiapo kwamba hujaoa au hujaolewa, hiyo unaapa kwa wakili au kamishna wa viapo, na mtu ambaye hana cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia RITA sasa hivi kabla ya kitu kingine chochote, maana hicho kinaweza kula muda kuliko hizo siku 21 zenyewe.

Sasa majina. Sisi watu wa pwani majina yetu kila karani ameyaandika anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rajabu, NIDA inasema Rajab, cheti cha shule kinasema Rajabu Athumani na NIDA Rajab Othman. Mwanaidi anakuwa Mwanahidi, Ally anakuwa Ali, Bakari anapoteza ile i ya mwisho. Nyumbani hakuna anayejali, ila kwenye daftari la ndoa ni watu wawili tofauti. Toeni vile vyeti vyote, viwekeni mezani pamoja, alafu someni herufi kwa herufi, jina la kwanza, la baba, la babu, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku, kwahiyo hata bila kadi unaweza kulinganisha na cheti chako hapo hapo ukajua kama zinagongana.

Ikitokea tofauti ni ya herufi tu, mara nyingi hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja inatosha, ila waulizeni bomani kwanza kabla hamjamlipa wakili. Kama umebadilisha jina kabisa, mfano ulibadili dini ukawa unatumia jina jipya wakati vyeti bado vina la zamani, hapo kiapo cha kawaida hakitoshi, unahitaji hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Au chaguo jingine, ambalo mimi naliona rahisi zaidi kama muda ni mchache: funga ndoa kwa jina lililoko kwenye vyeti vyako, hayo mengine utayashughulikia baadae taratibu.

Umri. Sheria iliyoandikwa 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kuruhusu hata wa 14. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwenye kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ikasema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikasimamia uamuzi ule ule. Kwahiyo binti akiwa hajafika 18 msimpeleke, siyo bomani wala kwa shehe, aachwe akue.

Na undugu: sheria inakataza ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto, babu na bibi na wajukuu, shangazi, mjomba, mama mdogo, baba mdogo na watoto wa ndugu zao. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hawamo kwenye katazo hilo, nawataja maana hapa kwetu swali hilo haliishi.

Barua ya mtaa

Hii ni rahisi ila ina watu wake. Kama unakaa mtaa ambao mwenyekiti hakujui, anza na mjumbe wa eneo lako, yeye ndo atamwambia mwenyekiti "huyu ni mtu wangu, anakaa nyumba ya fulani". Beba kitambulisho na picha. Barua iwe na majina kamili kama yalivyo kwenye NIDA, iseme unakaa mtaa gani na kata gani, iseme hali yako ya ndoa kwa kadri wanavyojua wao, iseme inapelekwa kwa msajili wa ndoa, iwe na saini na muhuri. Isome ukiwa bado umesimama pale pale mlangoni kwake. Jina likikosewa omba kwa upole "mzee samahani, hapa ni Othman siyo Athumani, naomba unisaidie kuandika upya", maana kukwangua na kuandika juu juu kwenye barua ya serikali ndo kunakurudisha siku inayofuata. Kama mtendaji anataka upitie na kata, pitia, usibishane.

Siku ya kutoa taarifa

Nendeni wote wawili. Sio mmoja na kaka yake, sio mmoja na picha ya mwenzie. Nyie wote mnatakiwa kusaini na msajili anataka awaone. Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, nendeni asubuhi, katikati ya wiki, maana Jumatatu DAS ana vikao na Ijumaa watu wanawahi swala. Vaeni kawaida ya heshima. Beba orijino na kopi za kila kitu.

Kwenye taarifa mtaandika majina yenu, umri, mnapoishi, majina ya wazazi wenu na wanapoishi, mtathibitisha kwamba hamna undugu uliokatazwa, mtasema kila mmoja hali yake ya ndoa, hajaoa, mjane, mtalaka, na kama mwanaume ana mke au wake basi majina yao yanaandikwa. Na ile aina ya ndoa niliyosema pale juu. Andikeni ukweli mtupu. Najua kuna wanaume wanaona ile sehemu ya wake wanaandika "hajaoa" wakati kuna mama na watoto Korogwe, wakidhani tangazo la Tanga mjini halifiki Korogwe. Linafika. Linapigwa picha na simu na usiku huo huo liko wasapu ya ukoo.

Malipo: ada za serikali siku hizi zinalipwa kwa kontroo namba. Unapewa namba, unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Ukitajiwa hela mkononi sema tu kwa utulivu, "naomba kontroo namba nikalipe", usigombane, rudia hivyo hivyo mpaka upewe. Risiti itunze kwenye bahasha moja na barua zote.

Kabla hamjaondoka ulizeni mambo matatu. Tarehe ya kufunga ni lini na saa ngapi, iandikeni. Mashahidi waje na nini. Na kama mnataka msajili awafungishe nje ya ofisi, labda ukumbini au Raskazone pale ufukweni, inawezekana au haiwezekani na ina utaratibu gani. Hili la mwisho liulizwe siku hiyo hiyo, siyo siku tatu kabla ya harusi wakati viti vimeshapangwa. Na jueni miezi ina foleni zake, Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani na mwezi Desemba watu wengi wanataka kuoana kwa pamoja, kwahiyo mkiitaka Jumamosi fulani iwahini.

Siku 21 za tangazo

Taarifa yenu inatangazwa, kwa kawaida inabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisini, na mtu yeyote anayejua sababu ya kisheria ya kuzuia anaweza kupeleka kipingamizi kwa msajili. Watu wanaiona hii kama aibu au usumbufu. Mimi naiona kama ulinzi, hasa kwa dada zetu. Kama jamaa ana ndoa ya mke mmoja Dar, ni afadhali ijulikane siku ya kumi ya tangazo kuliko mwaka wa kumi wa ndoa, ukiwa na watoto na kiwanja mlichonunua pamoja.

Kipingamizi kikija, msajili hafungishi ndoa mpaka kimalizike, na mwenye kuamua ni mahakama, siyo msajili wala mkuu wa wilaya. Sababu inatakiwa iwe ya kisheria, mfano mmoja yuko kwenye ndoa nyingine, umri, undugu, au mmoja analazimishwa. "Simpendi huyo mkwe" siyo sababu, na mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea hahitaji ridhaa ya mzazi kisheria. Kwa ndoa ya wake wengi, mke aliyepo naye ana haki ya kupinga, kwa mfano akionyesha kwamba kwa kipato cha mume kuongeza mke kutaiumiza familia iliyopo. Wanawake wengi hawaijui haki hii. Nawaomba mlio na ndugu kwenye hali hiyo mwambieni.

Kuna wenye haraka ya kweli, mtu anasafiri kwa kazi au masomo, au mgonjwa. Msajili Mkuu ana mamlaka ya kutoa leseni maalum inayowaondolea hizo siku 21, ila lazima aridhike kwamba sababu ni ya msingi, na ukumbi kulipiwa siyo sababu ya msingi. Mkiomba, ambatanisheni ushahidi, barua ya chuo, tiketi, barua ya daktari, na muanzie hapo hapo bomani wawaelekeze njia ya kufika RITA.

Siku yenyewe

Wahini. Njooni na mashahidi wasiopungua wawili, wenye miaka 18 na kuendelea, wenye vitambulisho, wanaoelewa kinachosemwa pale. Chagueni watu watakaopatikana hata miaka ishirini ijayo, maana siku ukihitaji kuthibitisha ndoa yako hao ndo wa kuitwa. Rafiki wa chuo anayehamia nchi nyingine mwezi ujao mpeni kazi ya kupiga picha.

Ndani ni hivi: msajili anahakiki vitambulisho, anawauliza kama mmekuja kwa hiari, anawakumbusha aina ya ndoa mnayofunga na maana yake, kila mmoja anatamka kwamba anamkubali mwenzie, pete kama mnazo mnavishana, alafu mnasaini, nyie, mashahidi na msajili. Ile kukubali ndo ndoa yenyewe. Sheria yetu inaitambua ndoa kama muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke, na hilo neno hiari ukiwa umekaa pale unalisikia kwenye sauti ya mtu. Kama umeletwa kwa kusukumwa, pale ndo mahali pa kusema, mbele ya msajili na watu wote, na ukisema hapana shughuli inasimama.

Karani akianza kuwasomea majina kabla ya kuandika cheti, simu weka mfukoni, usikilize kila herufi. Rajab, ar-ei-je-ei-bi, hakuna u mwisho. Mwambie asome na tarehe. Kikishaandikwa na kusainiwa, kusahihisha siyo kufuta, ni mchakato mwingine wa kurudi kwa msajili na vielelezo.

Cheti mkononi

Pigeni kopi siku hiyo hiyo, zithibitishwe na wakili kadhaa, piga picha safi mtumiane kwa barua pepe. Nakala ya cheti ikiwa kwa mama wa upande mmoja siyo mbaya. Laminesheni mimi siipendi, kuna ofisi zinakataa cheti kilichofunikwa plastiki.

Kazi yake mtaiona haraka: kumuingiza mwenza kwenye bima ya NHIF, kazini kuandika mwenza na warithi, kubadili hali ya ndoa NIDA na Uhamiaji. Mke halazimiki kubadili jina, ni hiari yake. Na kwenye nyumba mnayoishi, sheria inasema mwenza mmoja hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine, benki zinaulizia hilo, na cheti ndo kinachokutambulisha kwamba wewe ni wa kuulizwa. Kwenye mirathi sina haja ya kueleza, kila mtaa una mjane aliyeondolewa kwenye nyumba kwa sababu hakuwa na karatasi. Kikipotea, ripoti polisi upate karatasi ya upotevu, alafu mrudi mlikofungia mkiwa na tarehe na namba ya cheti, ndo maana nikasema pigeni picha.

Wenye hali tofauti

Mtalaka aje na hati ya talaka ya mahakama. Karatasi aliyoandika mume peke yake nyumbani haitoshi bomani, hata kama kidini mmeshaachana na eda imeisha, kwahiyo mlioachana Kiislamu bila kupita mahakamani shughulikieni hilo kwanza, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza na mtatakiwa kuanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Mjane au mgane aje na cheti cha kifo cha RITA, siyo kibali cha mazishi.

Mwenza kutoka Pemba au Unguja, na hapa Tanga hawa ni wengi, akumbuke Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara, kule vyeti vinatoka kwa mamlaka za Zanzibar. Aje na barua ya sheha wa shehia yake, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha kule. Avifuate kabla hajavuka maji.

Mwenza kutoka Kenya, maana Wadigo tuko pande zote mbili za Horohoro na watu wanaoana toka zamani bila kuuliza mpaka, kisheria ni raia wa nchi nyingine. Aje na pasipoti, cheti cha kuzaliwa na hati ya kutokuwa na kipingamizi cha ndoa kutoka kwa Msajili wa Ndoa wa Kenya. Wa mataifa mengine nao ni hivyo hivyo kutoka nchi zao au ubalozi wao, na karatasi isiyo ya Kiswahili wala Kiingereza itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Kuoana na Mtanzania hakumpi mtu uraia wala kibali cha kuishi papo hapo, hilo ni la Uhamiaji na lina maombi yake.

Mlioshaishi pamoja miaka

Kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, inadhaniwa wameoana. Wengi wanaegemea hapo wakidhani imeisha. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahali pa kuithibitisha ni mahakamani, mara nyingi wakati mmoja ameshakufa au mmeshagombana, kwahiyo msingoje. Nendeni bomani kama wengine wote, na siku 21 zenu, watoto wanaruhusiwa kuja kushuhudia wazazi wao.

Na waliofunga kimila bila cheti, sheria inawataka waombe kusajili ndani ya siku 30 baada ya ndoa. Kuchelewa kusajili peke yake hakuibatilishi ndoa yenu, ila kuithibitisha kunazidi kuwa kazi kadri wale wazee waliokuwepo wanavyotutoka mmoja mmoja. Hata mliofungishwa nikaha na mwalimu asiye na leseni miaka ya nyuma, nendeni kwa msajili wa wilaya mkiwa na wale mashahidi walio hai, vitambulisho, barua ya mtaa, na mtu wa upande wa mwanamke aliyemuozesha kama yupo, mmueleze msajili ilivyokuwa, tarehe na mahali, naye atawaambia kama mnasajili ile ya zamani au mnafunga upya mbele yake.